Saini ya Mume

Ngumi ndiyo iliyouonyesha uvimbe. Daeng Ngewa alimpiga mkewe Lumu mlangoni mwa ghala la chumvi, mchana kweupe, wabebaji wakitazama, kisa wali ulioungua, na ngumi ikampata kwenye titi la kushoto. Lumu alipojishika pale palipowaka moto, vidole vyake vikagusa kitu kigumu, kidogo kama jiwe la kwenye mchele, kisichosogea.

"Hiyo ni damu imevilia," alisema mama yake, Daeng Caya, alipoonyeshwa. "Itayeyuka yenyewe."

Hakusema hivyo kwa ujinga tu. Alisema kwa hofu. Pale Jeneponto, pwani ya chumvi ambako mtu mzima huitwa Daeng kwa heshima, mwanamke anayetembeza maumivu yake kwa watu anamwaibisha mumewe, na mwanaume aliyeaibishwa anashika kisu. Basi Daeng Caya akamwita mkandaji. Siku arobaini mkandaji akalisugua titi lile kwa mafuta ya nazi na tangawizi, Lumu akiuma pindo la msuli ili majirani wasisikie. Jiwe likawa yai.

Kwenye kituo cha afya nako walikuwa na swali moja tu. Uligongwa? Akijibu ndiyo, anapewa vidonge vya maumivu, anaitwa anayefuata. Mara ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Mara ya nne Lumu hakuinuka kitini.

"Dada, wenzako wanangoja," mganga akamwambia.

"Hata mimi nangoja. Nangoja tangu mwezi wa pili. Hebu weka mkono hapa kwapani. Weka! Damu gani hiyo ya kuvilia titini halafu inaota na kwapani?"

"Kwani wewe umesomea udaktari?"

"Sikusomea. Lakini mwili huu nalala nao mimi, hulali nao wewe. Niandikie rufaa ya hospitali kubwa. Usipoandika nalala hapa hapa, mtafunga na mimi ndani."

Daeng Caya, aliyekaa pembeni, alikuwa akimfinya binti yake paja chini ya meza ili anyamaze. Alimfinya mpaka kucha zikaacha alama. Lumu hakunyamaza, na rufaa ikaandikwa.

Jioni ile Ngewa akazipata habari. Akachukua mjeledi wa farasi. "Unakwenda kuwavulia wanaume blauzi, siyo?" akawa anasema kwa kila pigo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu magunia. Mgongo wa Lumu ukachanika mistari. Kulipokucha alitia nguo zake kwenye gunia tupu la chumvi na kuhamia kwa mama yake, na Daeng Caya akampokea huku akichungulia barabarani.

Huko hospitali kubwa ya Makassar walimkata kinyama kidogo titini kwenda kukipima, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili. Akarudi. Majibu hayapo. Wiki ya tatu hayapo, ya nne hayapo. Kidonda cha pale walipokata hakikufunga, kikawa kinatoa maji yenye harufu. Kila safari karani alikuwa akisema, "Subirini nyumbani, mtapigiwa," na Daeng Caya akawa anainama na kushukuru. Ndivyo alivyolelewa. Mtu aliyekaa nyuma ya dirisha unamshukuru hata kama hajakupa kitu.

Wiki ya saba Lumu alizunguka dirisha, akasukuma mlango wa ndani, akaanza kufungua droo moja moja.

"We mama! Huruhusiwi humu!"

"Niitie polisi. Nikimaliza droo hizi watanikuta nawasubiri."

Kwenye droo ya tatu akaikuta bahasha. Juu yake pameandikwa Bibi Baharuddin. Baharuddin ni jina la Ngewa kwenye kitambulisho. Wiki saba Lumu aliulizia majibu yake kwa jina lake, na wiki saba yalikuwa yamelala pale kwa jina la mume.

Ilikuwa kansa. Daktari wa upasuaji, Makkulau, mtu mrefu asiyependa maneno, alibonyeza kwapa, akakunja uso. "Titi hili linatoka. Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi. Mngekuja mapema." Lumu akataka kumwambia walikuja mapema, lakini daktari alikuwa tayari yuko mlangoni.

Jumatatu wakalazwa, binti kitandani, mama kwenye mkeka chini ya kitanda. Jumanne sista Damaris akaja na faili kifuani. Alikuwa Mtoraja, mtu wa milimani, mnene, mcheshi, mwenye mikono myepesi ya kuchoma sindano.

"Haya Daeng Lumu, mume yuko wapi? Nina karatasi yake ya kusaini upasuaji."

"Sina mume."

"Una karatasi ya talaka?"

"Sina."

"Basi unaye, mwenzangu, hata kama humtaki. Wangapi hatuwataki na tunao!" Wodi ikacheka. Aliyecheka zaidi ni mgonjwa wa kitanda cha pili, Daeng Bollo, bibi mmoja aliyekwisha kukatwa titi lake. "Mimi wa kwangu alisaini mbio mbio," akasema, "alidhani anasaini nizikwe!"

Lumu hakucheka. "Sista, nitasaini mimi."

"Haiwezekani. Mke husainiwa na mume."

"Imeandikwa wapi? Nipe hiyo karatasi niisome."

"Karatasi anapewa anayesaini." Damaris akaibana faili kwapani. "Usinikasirikie. Mimi nimekuta ndivyo. Pasipo saini, Alhamisi anaingia mwingine, na nafasi nyingine ni baada ya miezi miwili. Sasa chagua wewe, ugomvi au uhai."

"Nataka kuonana na Daktari Makkulau."

"Yuko hospitali nyingine mpaka Alhamisi."

"Basi mpigieni simu."

"Jamani huyu!" Damaris akamgeukia mama mtu. "Mama, ongea na mwanao."

Na Daeng Caya akaongea, ole wake. Siyo na mwanawe. Lumu alipopelekwa kupigwa picha ya kifua, mama alichukua simu, akatoka nje kwenye ngazi, akampigia Ngewa. Alikuwa na miezi miwili ile kichwani. Yai lilikuwa limeshakuwa ngumi. Na alifikiri mwanaume, hata awe mkali vipi, akiambiwa mkewe anakufa atalegea. Tena aliona aibu kwamba binti yake aingie kwenye kisu bila jina la mwanaume, kama mtu asiye na kwao.

"Nimeambiwa yuko kwa shangazi yake Gowa," Ngewa akasema polepole. "Kumbe yuko hapo. Wodi gani, Mama?"

Akamwambia wodi.

"Kitanda namba ngapi?"

Akamwambia na kitanda.

"Usihangaike, Mama. Kesho nakuja kusaini."

Sauti ilikuwa laini hata Daeng Caya akalia kwa shukrani. Hakumwambia Lumu.

Jumatano saa sita, saa ya kuona wagonjwa, Ngewa aliingia na kichala cha matunda ya mvumo, amevaa shati safi na msuli uliokunjwa kiunoni. Lumu alipomwona, uso ulimpauka. Akamtazama mama yake. Daeng Caya akatamani amtukane.

"Mke wangu," Ngewa akasema. Akaweka matunda juu ya kabati. "Sista, lete hiyo karatasi."

Damaris akaileta, akampa na kalamu, akamwonyesha pa kusaini. Ngewa akaisoma akitikisa kichwa, kama mtu anayepima farasi mnadani.

"Wanalikata lote?"

"Lote," Lumu akajibu. "Saini uende zako."

"Nililitolea mahari hilo. Nirudishiwe mke wa upande mmoja, watu wa ghalani wanicheke?"

"Hukuoa titi, ulinioa mimi mzima. Na hurudishiwi mtu. Sirudi."

Akaichana karatasi mara mbili, mara nne, akamtupia vipande usoni. Kisha akamkamata nywele, akamvuta kutoka kitandani mpaka sakafuni, dripu ikachomoka mkononi na damu ikaruka kwenye shuka. Akampiga teke pale pale kwenye titi. Lumu akatoa sauti ambayo Daeng Caya hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Aliwahi kuisikia kwa farasi aliyevunjika mguu. Kidonda cha kinyama kikapasuka, blauzi ikalowa usaha na damu.

Daeng Caya akaukumbatia mguu wa mkwewe. "Niue mimi! Niue mimi!" Ngewa akautikisa mguu, kisigino kikampata mdomoni, na meno mawili yakamwishia ulimini. Daeng Bollo akanyanyua chupa ya maji ya moto na kummwagia mgongoni. Ngewa akapiga ukelele, akageuka, na alipogeuka badiki ilikuwa nje ya ala. Watu wa kwao huivaa ubavuni kama wengine wanavyovaa saa.

"Weka chini kisu!" Damaris akasimama kati yake na Lumu, faili mbele yake kama ngao. Badiki ikapita kwenye faili, ikapita kwenye kiganja, ikatokea nyuma. Sista akakaa chini akiutazama mkono wake, hajaamini. Wagonjwa waliokuwa wakijiburuza kwa fimbo siku ile walikimbia.

Pigo la pili la badiki lilimwendea Lumu shingoni. Alilidaka kwa mkono wa kulia, akaushika ubapa wa chuma, akaung'ang'ania na vidole vikikatika nyama. "Sifi kwa mkono wako!" akawa anapiga kelele. "Nimekataa! Sifi kwa mkono wako!" Hapo Daeng Caya aliinuka na chuma cha kutundikia dripu, akakishusha kwa mikono miwili kwenye goti la Ngewa. Akasikia mfupa ukiitika. Ngewa alipoanguka alimpiga tena, begani, mkononi, mpaka badiki ikadondoka, akawa bado anampiga walinzi walipofika na kumnyang'anya kile chuma.

Polisi wakambeba Ngewa, wakamfunga goti, wakamtia ndani. Lumu akashonwa mkono nyuzi kumi na tisa, titi likafungwa bandeji. Daeng Caya akakaa kwenye benchi na kitambaa mdomoni. Alidhani sasa mtu atakuja na kusema jambo la maana.

Akaja karani wa wodi na karatasi mpya.

"Poleni sana. Sasa Mama, suala la saini bado lipo. Nimeulizia, mkwe wako yuko kituo cha polisi hapo jirani, siyo mbali. Ukimpelekea asaini leo, kesho tunaendelea."

"Huyu aliyetaka kumuua?"

"Kwa sheria bado ni mume, Mama. Mimi sina la kufanya."

Na Daeng Caya akaenda! Kwa mdomo uliovimba kama mkate, na damu ya binti yake kwenye sketi, alikwenda kumwomba mtu yule. Hofu inakufanya hivyo. Ukiambiwa kuna mlango mmoja tu, utaupitia hata kama ndani kuna moto.

Ngewa alikuwa ameketi nyuma ya nondo, mguu umenyooshwa. Akatabasamu. "Nitasaini, Mama. Lakini wewe kwanza uandike kwamba kisu alikuja nacho Lumu, na sista alikatwa na Lumu. Mkono kwa mkono."

Daeng Caya akaomba karatasi. Akaomba kweli. Yule afande wa zamu, mtu wa makamo mwenye miwani, alimsogezea karatasi na kalamu lakini hakuiachia kalamu.

"Mama, unajua kusoma?"

"Nilifika darasa la nne."

"Basi soma kila kitu kabla hujaweka jina lako. Soma hata hiyo uliyokuja nayo. Nimewaona wengi wanalia hapa kwa karatasi ambayo hawakuisoma."

Akaikunjua karatasi ya hospitali mezani. Akaisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, midomo ikimuuma. *Mimi niliyetia saini hapa chini nakubali upasuaji afanyiwe:* na hapo pakafuata maneno kwa mstari mmoja, yamekatwa kwa wino wa bluu, kwa rula, isipokuwa neno moja, *mke wangu*. Akaigeuzia karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akasoma chini ya wino. *Mume wangu. Mtoto wangu. Mzazi wangu.* Na la kwanza kabisa, kabla ya yote: *Mimi mwenyewe.* Chini kwa herufi ndogo: *Kata yasiyohusika.*

Akasoma mara ya pili. Ya tatu akamsomesha na afande, asije akawa anaota.

"Ndivyo ilivyo," afande akasema. "Mgonjwa anajisainia."

"Mama!" Ngewa akaita. "Vipi, unaandika au huandiki?"

Daeng Caya akasogea mpaka kwenye nondo. Akatema damu miguuni pake. Kisha akarudi mezani, akaandika jina lake kwenye maelezo mengine, yale ya kweli, yenye kisu mkononi mwa mwenye kisu.

Alimkuta Damaris amelazwa chumba cha wauguzi, mkono umefungwa mpaka kiwiko.

"Nani aliyakata maneno haya?"

Damaris akaitazama karatasi, akafumba macho. "Sisi. Asubuhi tunazikata rundo zima kwa rula, kuokoa muda. Wodi ni ya wanawake, wengi ni wake za watu."

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna. Nilizikuta zikikatwa." Akaanza kulia. "Miaka kumi na moja, Mama, nazikata."

Alijikokota mpaka stoo, akatoa karatasi ambayo haijaguswa na rula, na hiyo Daeng Caya akampelekea Lumu. Akamwambia pia nani alimpigia simu Ngewa. Lumu akaisoma karatasi yote, akakata kwa kalamu yasiyohusika, akasaini kwa mkono wa kushoto, jina limepinda kama nyoka aliyekanyagwa. Karatasi akamrudishia mama bila kumtazama. Akageukia ukutani.

Alhamisi saa moja unusu karani akasema hapana. Mgonjwa ana kesi ya polisi, nafasi ameshapewa mwingine, miezi miwili, samahani. Lumu akashuka kitandani kwa miguu yake. Akatembea mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akasimama katikati ya korido ambapo machela hupita. Mlinzi akamshika bega, akamvuta, Lumu akajishikiza kwenye kitasa kwa ule mkono uliofungwa na nyuzi zikaachia. Damu ikatiririka mlangoni. Daeng Caya akamrukia mlinzi shingoni kwa nyuma na kumuuma sikio kwa meno aliyobakiwa nayo.

"Kuna nini hapa?" Daktari Makkulau alikuwa amesimama na kofia yake ya kijani.

"Daktari, nitazame," Lumu akasema, anahema. "Mimi ni mtoto?"

"Hapana."

"Mimi ni kichaa?"

Daktari akatazama damu, akamtazama mlinzi na sikio lake. "Hapana."

"Ulisema Alhamisi saa mbili. Saini hii hapa, ni yangu. Majibu yangu yalikaa wiki saba kwenye droo yenu. Kabla ya hapo nilipewa vidonge vya ngumi. Ukinirudisha miezi miwili, sema hapa mbele ya mama yangu kwamba nitakuwa hai. Sema, niende."

Makkulau akaipokea karatasi. Aliisoma muda mrefu kuliko Daeng Caya alivyotegemea kwa mtu msomi. "Karani," akasema bila kugeuka, "aliyeko kwenye orodha leo ana uvimbe wa kawaida. Anaweza kungoja. Huyu mwingizeni, na aje mtu wa kumshona mkono."

Milango ikafungwa. Daeng Caya hakukaa. Katikati ya asubuhi akaja kaka yake Ngewa, mtu mpole, mwenye heshima zake, akasema mambo ya familia hayapendezi polisi, afute maelezo, watu waombane radhi.

"Daeng," akamjibu, "mimi nilimwonyesha kitanda. Nilimuuza mwanangu kwa simu. Usiniambie habari ya radhi, nitakupiga na wewe, na chuma kile najua kilipo."

Yule mtu akaondoka.

Saa sita na kitu Makkulau akatoka, barakoa shingoni, jasho usoni. "Yuko hai. Titi limetoka. Kwapani tulikuta tezi nyingi zimeshashikwa, zaidi ya nilivyotarajia. Siwezi kukuahidi. Atahitaji dawa kali za kansa, za kuingizwa mshipani."

Miezi mitatu nyuma Daeng Caya angeinama na kushukuru. Daktari naye aliona imekwisha, akageuka kwenda. Akasikia kitu kimemkamata mkono wa joho. Vilikuwa vidole vya yule mama, vyenye damu iliyokaukia kwenye kucha.

"Dawa gani?"

"Mama, atakuja mtu kukueleza..."

"Nieleze wewe. Dawa gani, zinaanza lini, zikichelewa nani wa kuulizwa. Niandikie hapa, na jina lako chini."

"Mama, nina mgonjwa mwingine mezani."

"Najua," Daeng Caya akasema, na hakumwachia.